Dallas nayo ina watu wake: jibu kuhusu rap ya Texas

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu muziki wa kufokafoka wa Marekani, hasa ile sehemu iliyolinganisha miji miwili ya jimbo la Texas, yaani Houston na Dallas. Mwandishi wenu alifikia uamuzi kwamba Houston imetoa marapa wenye hadhi kwa kuwa jamii yake ya watu weusi ina mizizi, ilhali Dallas ni mji wa mabenki na mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi, ambao watu weusi wake hawana utamaduni wa kujivunia. Mimi ni mkazi wa Houston, kazi yangu ni kuendesha lori la mizigo, na barabara kuu ya I-45 inayoiunganisha miji hiyo, mwendo wa kilometa 385 hivi, ndiyo ofisi yangu. Muziki wa Houston ndio ninaousikiliza nikiwa njiani, kwa hiyo sina sababu ya kuipendelea Dallas. Hata hivyo hukumu ile naiona si ya haki, kwa sababu imepima utamaduni wa watu kwa kuhesabu majina yaliyovuma, bila kuuliza majina hayo yalivumishwa na nani na kutokea wapi.

Kwa msomaji asiyeijua Texas, Houston ina wakazi zaidi ya milioni 2.3 na Dallas wapatao milioni 1.3, na katika kila mmoja wa miji hiyo watu weusi wanakaribia robo ya wakazi wote. Wenyeji hubishana juu ya kila kitu, kuanzia timu za mpira wa kikapu hadi nyama ya kuchoma. Ndugu zetu wa Afrika Mashariki na Kongo wamo ndani ya ubishi huo, kwa kuwa miji yote miwili ina Wakongo waliopokewa kama wakimbizi, na Wakenya na Watanzania waliofuata masomo, kazi za hospitali na kazi hizi zetu za malori. Watoto wao hukaa dawati moja na watoto wa Wamarekani weusi, na jioni hurudi nyumbani na ubishi uleule.

Aliyewahi kukesha akibishania Msondo na Sikinde hahitaji kufundishwa utamu wa jambo hili. Lakini akumbuke pia kwamba ubishi ule wa Dar es Salaam ulidumu kwa sababu bendi zile zilikuwa na wenyewe mjini palepale: moja ilikuwa chini ya Jumuiya ya Wafanyakazi, nyingine chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Vyombo vya muziki, ukumbi na mishahara vilikuwa vya nyumbani. Swali hilohilo la nani mwenye vyombo na nani mwenye duka ndilo linaloeleza kilichotokea Texas, na makala yenu haikuligusa kabisa.

Nianze na Houston. Tarehe 19 Juni 1865, Jenerali Gordon Granger alitoa amri katika mji wa bandari wa Galveston kwamba watumwa wote wa Texas ni watu huru. Wengi wa walioachwa huru walielekea Houston, wakajenga kando ya mto wa Buffalo Bayou kijiji kilichoitwa Freedmen's Town, mji wa walioachwa huru. Mwaka 1872 baadhi yao, wakiongozwa na Mchungaji Jack Yates wa kanisa la Antioch la Kibaptisti, walichanga fedha wakanunua ekari 10 za ardhi ili wapate mahali pao pa kuadhimisha siku ya uhuru. Ardhi hiyo ipo hadi leo na ni bustani ya umma inayoitwa Emancipation Park, katika eneo la Third Ward, yaani Kata ya Tatu. Kata hizi zilikoma kuwa mipaka ya kiserikali tangu mwanzoni mwa karne ya 20, lakini watu hawakuyaacha majina. Mtu wa Houston akitaka kukueleza yeye ni nani, hutaja kata au upande wa mji kabla hajataja kazi yake, na rapa hufanya vivyo hivyo katika mistari yake ya kwanza.

Katika Kata ya Tano, miaka ya 1940, mfanyabiashara mweusi aliyeitwa Don Robey alikuwa na ukumbi wa muziki, na mwaka 1949 akaanzisha lebo, yaani kampuni ya kurekodi na kuuza muziki, ya Peacock. Hiyo ni miaka kumi kabla ya Motown, lebo maarufu ya watu weusi ya Detroit, kuzaliwa. Big Mama Thornton alirekodi chini ya lebo hiyo wimbo wa "Hound Dog" mwaka 1952, kabla mwimbaji mzungu Elvis Presley hajauchukua na kuutajirikia. Sitaki kumpamba Robey, kwani alijulikana kwa mikataba migumu na kwa kujiandikisha, kwa jina la bandia la Deadric Malone, kuwa mtunzi wa nyimbo za wengine. Mtu mweusi kumiliki lebo hakumhakikishii msanii mweusi haki yake. Kulichofanya ni kuuthibitishia mji kwamba rekodi inaweza kutengenezwa, kuchapishwa na kuuzwa kutoka Kata ya Tano bila kuomba ruhusa New York. Naye mpiga gitaa Lightnin' Hopkins, aliyekuwa akiimba katika mitaa ya Kata ya Tatu, alikwenda Los Angeles mwaka 1946 kurekodi, akarudi zake Houston na kuendelea kurekodi nyumbani hadi uzeeni.

Kwa hiyo James Prince, kijana wa Kata ya Tano, alipoanzisha lebo ya Rap-A-Lot mwaka 1986, alikuwa akiingia katika njia iliyokwisha kukanyagwa. Mwaka 1990 kampuni ya Geffen ilikataa kusambaza albamu ya kundi lake la Geto Boys kwa sababu ya ukali wa maneno yake. Kundi lingekuwa limeajiriwa na kampuni ya mbali, pengine hadithi ingeishia pale. Lakini mwenye lebo alikuwa Houston, akatafuta njia nyingine, na mwaka uliofuata ukatoka wimbo "Mind Playing Tricks on Me", ambao ndani yake wanaume waliozoea kutisha wenzao wanakiri kwamba hawalali usiku kwa hofu. Kwa maoni yangu hakuna wimbo wa kufokafoka wa Kusini uliowahi kuupita. Mwandishi wenu aliutaja kwa sentensi moja, nami nafasi haitoshi kuueleza unavyostahili.

Afadhali nafasi iliyopo niitumie kwa DJ Screw, ambaye bila yeye Houston haieleweki. Jina lake la kuzaliwa ni Robert Earl Davis, naye alizaliwa mwaka 1971 na kukulia katika mji mdogo wa Smithville kabla ya kuhamia Houston. Alichukua santuri za watu wengine, akapunguza mwendo wake mpaka sauti za waimbaji zikawa nzito na za kusuasua, kisha kwa mashine mbili za santuri akawa anayakata na kuyarudia maneno fulani ili yamwingie msikilizaji. Usiku marafiki zake wa upande wa kusini walijaa sebuleni kwake, wakapeana kipaza sauti na kuchana mitindo huru, yaani kufokafoka papo kwa papo bila kuandika: wanataja mtaa, wanamtaja aliyefungwa, wanamtaja mwenye siku ya kuzaliwa. Mwaka 1996 walirekodi hivyo kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya mmoja wao, wimbo wa zaidi ya nusu saa unaoitwa kwa tarehe yake, Juni 27, na tarehe hiyo mpaka leo Houston huiadhimisha.

Kanda alizitoa yeye mwenyewe. Zilikuwa kanda za kijivu, jina limeandikwa kwa mkono, zikiuzwa nyumbani kwake, na magari yalipanga foleni barabarani jioni hadi majirani na polisi wakashuku kwamba pale panauzwa dawa za kulevya. Mwaka 1998 alifungua duka, na duka hilo liliuza kanda zake tu. Hakuna kituo cha redio kilichomtengenezea jina, na hakuna kampuni kubwa iliyomgharimia. Leo maktaba ya Chuo Kikuu cha Houston inahifadhi santuri zake pamoja na nyaraka nyingine za historia ya mji.

Kati ya waliochana katika sebule ile alikuwamo kijana mrefu wa Kata ya Tatu aliyejiita Big Floyd. Dunia ilikuja kumjua kwa jina kamili, George Floyd, baada ya kuuawa na polisi mjini Minneapolis mwezi Mei 2020. Alikulia katika nyumba za umma za Cuney Homes, akasoma sekondari inayoitwa Jack Yates, kwa jina la yule mchungaji aliyeongoza ununuzi wa ekari 10. Hayo ndiyo ninayoyaelewa ninaposikia kwamba Houston ina mizizi, na hapo sina ugomvi na mwandishi wenu.

Ugomvi wangu unaanza anapovuka kwenda Dallas na kusema hakuona kitu. Miaka ya 1920 eneo la Deep Ellum, mashariki ya kati ya mji wa Dallas, lilikuwa limejaa maduka, hoteli na kumbi za watu weusi kando ya njia ya reli. Blind Lemon Jefferson, kipofu aliyekuwa mmoja wa wapiga gitaa wa kwanza wa bluzi kuuza santuri kwa wingi Marekani nzima, alijipatia riziki kwa kuimba katika mitaa hiyo, na Lead Belly alipiga pamoja naye. T-Bone Walker, ambaye gitaa lake la umeme liliwafundisha wapiga bluzi kina B.B. King, alikulia Dallas, na santuri yake ya kwanza ya mwaka 1929 ilimtaja kwa mtaa wake, Oak Cliff. Mji wenye watu hao watatu tu ungetosha kuitwa mama wa muziki.

Sasa tazama walikoishia. Jefferson alirekodi zaidi Chicago, kwa lebo ya Paramount iliyokuwa ya wazungu wa Wisconsin, na alifia Chicago mwezi Desemba 1929. Walker alihamia Los Angeles miaka ya 1930, na huko ndiko alikotengeneza nyimbo zilizomletea sifa. Mpiga gitaa wa bluzi Robert Johnson wa Mississippi aliletwa Dallas mwaka 1937, akarekodi katika jengo la barabara ya Park Avenue namba 508, na mashine zilipozimwa rekodi zikachukuliwa na kampuni iliyomleta. Mji huu ulikuwa na waimbaji na wasikilizaji, lakini hakutokea Robey wake.

Kwa nini? Sidai kwamba nina jibu lote, ila sehemu yake imeandikwa ardhini, na dereva huiona kila siku. Mwishoni mwa miaka ya 1940 barabara kuu ya Central ilijengwa kupitia katikati ya mtaa wa walioachwa huru wa Dallas, ikapita juu ya makaburi yao; ilipopanuliwa miaka ya 1990 wataalamu wa mambo ya kale walilazimika kuhamisha mabaki ya watu zaidi ya 1,100. Deep Ellum nayo ilikatwa na barabara ya juu iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1950 na 1951 nyumba zilizonunuliwa na familia za watu weusi huko South Dallas zililipuliwa kwa mabomu, moja baada ya nyingine, na hakuna aliyetiwa hatiani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mji ulizitwaa nyumba za watu weusi zilizopakana na viwanja vya maonyesho vya Fair Park ili kupanua maegesho ya magari. Mtu anayefukuzwa kila baada ya miaka ishirini hafungui studio, na akifungua, mwanawe hairithi.

Najua mtu wa Houston atanijibu kwamba na kwao barabara zilipita. Ni kweli. Kata ya Nne ilikatwa na I-45, Kata ya Tano ikakatwa na I-10, na katika ardhi ya Freedmen's Town miaka ya 1940 zilijengwa nyumba za serikali ambazo awali ziliruhusiwa wazungu pekee. Houston haikuonewa huruma na yeyote. Ilikuwa kubwa zaidi na imetawanyika zaidi, ilikuwa na bandari na viwanda vya mafuta, na wapakia mizigo weusi wa bandari hiyo wamekuwa na chama chao cha wafanyakazi tangu mwaka 1913, kwa hiyo kata moja ilipovunjwa, fedha na watu walihamia kata nyingine bila kutoka mjini. Chuo kikuu cha watu weusi cha Texas Southern kipo katikati ya Kata ya Tatu, na redio yake ilianza kupiga muziki wa vijana wa kufokafoka miaka ya 1980. Dallas ilikuwa na Bishop College, chuo cha watu weusi kilichohamia hapo mwaka 1961, lakini kilifungwa mwaka 1988. Majengo yake yalichukuliwa na Paul Quinn College, kingine cha watu weusi, ambacho kinaendelea vizuri na kimeugeuza uwanja wake wa mpira kuwa shamba la mboga kwa sababu mtaa unaokizunguka haukuwa na duka la vyakula.

Turudi kwenye muziki. Makala yenu ilimtaja The D.O.C. miongoni mwa marapa wa Los Angeles. Kijana huyo alianzia Dallas, katika kundi la Fila Fresh Crew. Dr. Dre, mtayarishaji wa muziki wa kundi la N.W.A la Compton, mji ulio karibu na Los Angeles, alipomsikia alimwita California, na huko akawa mmoja wa waandishi wa mistari ya kundi hilo na ya mwenzao Eazy-E, kisha mwaka 1989 akatoa albamu yake ambayo wajuzi wanaihesabu kati ya bora za wakati ule. Mwezi Novemba mwaka huohuo alipata ajali ya gari iliyoharibu koo lake, sauti ikapotea, naye akaendelea kuwaandikia wengine. Sehemu ya maneno ambayo dunia inayajua kuwa ya Compton yalitoka katika kalamu ya mtu wa Dallas. Mwaka uliofuata, Vanilla Ice, kijana mzungu aliyepata jina katika klabu ya City Lights ya Dallas iliyokuwa na wateja wengi weusi, alitoa wimbo wa kwanza wa hip hop kushika nafasi ya kwanza katika chati kuu ya Billboard, jarida la Marekani linalopanga nyimbo zinazovuma. Wateja weusi wa klabu ile ndio waliokuwa waamuzi wake kabla dunia haijamjua. Hakuna anayewataja.

Mfano unaonikera zaidi ni wa ngoma ya kucheza. Kati ya mwaka 2007 na 2010 vijana wa Dallas walikuwa na mtindo wao, mapigo mepesi na ya haraka yaliyotengenezwa kwa ajili ya kucheza, tofauti kabisa na ule uzito wa Houston wa kusikilizwa ndani ya gari. Lil Wil alitoa "My Dougie", GS Boyz wakatoa "Stanky Legg", Dorrough naye akatoa wimbo wa kusifu rangi ya gari lake uliopigwa nchi nzima. Dougie ulikuwa mtindo wa kucheza wa Dallas, ulioitwa hivyo kwa heshima ya rapa Doug E. Fresh wa New York: mkono unapita juu ya nywele kama mtu anayejitengeneza mbele ya kioo, mabega yanalegea, magoti yanafuata. Mwaka 2010 kundi la Cali Swag District kutoka Inglewood, California, lilitoa wimbo wa kuomba kufundishwa dougie, na wimbo huo ukaizungusha ngoma ile dunia nzima. Nawasifu kwa uungwana, kwa maana anayeomba kufundishwa anakiri kwamba yupo mwalimu. Lakini makala yenu iliandika kuwa dougie ni ngoma ya California, na sidhani kwamba mwandishi alikusudia ubaya. Alifuata tu mahali ambapo rekodi iliyouzwa zaidi ilitengenezwa.

Kuna upande mwingine wa Houston ambao wapenzi wake, nami nikiwamo, hatupendi kuutaja. Kujitegemea kule kulikuwa na faida, lakini sebule zilezile zilikuza mazoea ya kunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini iliyochanganywa na soda, na nyimbo zikaisifu. DJ Screw alikutwa amekufa katika studio yake mwezi Novemba 2000, akiwa na umri wa miaka 29, na uchunguzi ulikuta kodeini mwilini pamoja na dawa nyingine. Rapa Pimp C wa kundi la UGK kutoka mji wa Port Arthur, Texas, alifariki mwaka 2007, na dawa hiyohiyo ilikuwa miongoni mwa sababu. Wapo wanaoeleza mwendo wa pole wa muziki wa Houston kwa dawa hiyo peke yake. Naona wanakosea, maana waliopunguza mwendo walikuwa na sababu ya kimuziki: mji ni mkubwa, joto ni kali, watu huishi ndani ya magari, na sauti ikipunguzwa kila neno linasikika. Lakini mtu anayeisifu Houston bila kuyataja mazishi hayo anaipamba tu.

Magari hayo nayo yana habari yake. Jumapili alasiri, karibu na bustani ya MacGregor, hupita taratibu yale yanayoitwa slab: Cadillac za zamani zilizopakwa rangi inayong'aa kama pipi, rimu za nyaya zimechomoza nje mpaka gari la jirani linasogea, buti limefunguliwa wazi, na ndani yake taa za rangi zimeandika jina la marehemu. Nikiwa na lori, huwa napunguza mwendo na kuyapisha.

Dallas ina siku yake pia, na mwandishi wenu akiikosa hiyo hana haki ya kusema hakuona utamaduni. Kila msimu wa maonyesho ya jimbo, timu za vyuo vya watu weusi vya Prairie View na Grambling hukutana katika uwanja wa Cotton Bowl, ndani ya Fair Park, viwanja vilevile vilivyozungukwa na zile nyumba zilizotwaliwa. Mchezo wenyewe wengi hawaufuatilii. Wakati wa mapumziko ndipo hakuna anayekwenda kununua chakula, kwa kuwa bendi za matarumbeta za vyuo hivyo viwili huingia uwanjani kushindana, na wazee waliosoma huko miaka mingi iliyopita husimama wakihesabu hatua. Prairie View iko karibu na Houston, si Dallas. Nusu ya Houston hupanda I-45 kwenda kwa mpinzani wake siku hiyo, na hoteli za Dallas hujaa.

Kuhusu leo, hali inabadilika na Dallas inanufaika. BigXthaPlug, rapa mwenye sauti nzito kutoka Dallas, amepanda bila kuhamia California. Wimbo wake wa mwaka 2025 na mwimbaji wa muziki wa kantri, Bailey Zimmerman, uliingia kumi bora za Billboard, na ana lebo yake ambayo chini yake anawatoa vijana wa kwao. Kazi zake zinasambazwa na UnitedMasters ya New York, kampuni inayojitangaza kwa kumwachia msanii umiliki wa rekodi zake. Kama ahadi hiyo itatimizwa kwa vijana wanaomfuata, tutaona baada ya miaka michache.

Jambo la mwisho ni ombi la masahihisho. Makala yenu iliitaja tuzo ya Grammy ya mwaka 2021 ya wimbo bora wa rap, iliyokwenda kwa "Savage" ya Megan Thee Stallion akiwa na Beyoncé, kuwa ushindi wa Houston dhidi ya Dallas. Ni kweli kwamba wanawake hao wote wawili ni wa Houston, na Megan alimaliza masomo yake katika chuo kilekile cha Texas Southern mwaka huohuo. Lakini tuzo hiyo hupewa waandishi wa wimbo, na katika orodha ya waandishi wa "Savage" yumo Bobby Sessions, rapa wa Dallas kutoka mtaa wa Pleasant Grove. Naomba toleo lijalo limtaje yeye na mtaa wake.

Wako mtiifu,
Msomaji wenu, dereva wa lori,
Houston, Texas